Mchango wa chakula mtaani: Ukarimu pekee hautoshi bila mpango

Na MWANDISHI WETU

MNAMO Aprili 10, 2020, siku ya Ijumaa Kuu, umati mkubwa ulifurika katika ofisi za utawala mtaani Kibera, Nairobi, ili kupokea unga na mafuta ya kupikia. Hizo zilikuwa siku za mwanzo za janga la Covid-19. Amri ya kutotoka nje usiku ilikuwa imeanza kutekelezwa Machi 27, na vibarua wengi walikuwa wamepoteza riziki. Mara watu wakaanza kusukumana. Polisi wakarusha vitoa machozi, wanyonge wakaangushwa na kukanyagwa, na watu kadhaa wakajeruhiwa.

Chakula kilikuwapo. Waliokitoa walikuwa na nia njema, na waliokifuata walikuwa na njaa ya kweli. Kilichokosekana ni mpango.

Wakenya si watu wachoyo. Moyo wa harambee umekuwa nasi tangu uhuru. Ukame ulipowakumba wenzetu wa kaskazini mwaka wa 2011, wananchi wa tabaka zote waliitikia mwito wa kampeni ya Kenyans for Kenya, wengi wao wakichanga kwa simu. Mafuriko ya mwaka wa 2024, yaliyoua zaidi ya watu 200 nchini na kuwaacha wakazi wa Mathare na Mai Mahiu bila makao, yaliwafanya tena majirani kufungua kabati zao za jikoni.

Hata hivyo, kutoa ni hatua ya kwanza tu. Pakiti ya unga inapoondoka mlangoni mwa jirani huanza safari ndefu. Aghalabu ni katika safari hiyo ndipo hupotea, huharibika au huzua ugomvi. Katika makala haya tutaeleza jinsi wakazi wa mtaa mmoja wanavyoweza kukusanya chakula kwa asubuhi moja, wakiwatumia vijana wa kujitolea na madereva wachache, na kukifikisha kwa wenye haja bila mkanyagano, wizi wala shaka.

Tuchukue mfano wa mtaa wenye nyumba 600. Huo si mtaa mkubwa ukilinganishwa na Buruburu, Umoja au Donholm, lakini unatosha kutuonyesha hesabu zinazohitajika.

ANZA NA MPOKEAJI

Kosa la kwanza ambalo waandalizi wengi hufanya ni kukusanya kwanza, kisha kuuliza baadaye ni nani apewe. Matokeo yake ni mlima wa unga usio na chumvi wala mafuta, au magunia ya maharagwe yanayopelekewa watu wasio na jiko.

Kabla ya kubisha mlango wowote, kamati iwatembelee watakaopokea. Je, ni watu wangapi? Wanapikia wapi? Wana sufuria, kuni au mkaa? Maji wanayapata wapi? Kuna watoto wachanga, wagonjwa au wazee wasio na meno?

Majibu ndiyo yatakayoamua aina ya chakula. Familia iliyofurushwa na mafuriko na kulala katika darasa la shule haitafaidika na maharagwe makavu yanayohitaji saa kadhaa za moto. Hiyo yahitaji mkate, biskuti, maziwa ya pakiti na matunda, na ikipata jiko, ndengu zinazoiva upesi. Kwa upande mwingine, makao ya watoto yenye jiko kubwa na mpishi yatapendelea maharagwe na mchele kwa wingi kuliko biskuti. Ajuza anayeishi peke yake naye ataona tabu kubeba mfuko wa kilo 20, sembuse kuuhifadhi asiibiwe.

Orodha ya wahitaji isitoke kwa mtu mmoja, hata kama ni mtu wa heshima. Orodha iliyoandikwa na mtu mmoja huishia kuwa orodha ya jamaa na marafiki zake. Ombeni majina kutoka pande tatu: kwa chifu na wazee wa Nyumba Kumi, kwa wahudumu wa afya ya jamii wanaoingia nyumba kwa nyumba, na kwa viongozi wa makanisa, misikiti na vyama vya akina mama. Jina linalotokea katika orodha mbili au tatu halina shaka. Linalotokea mara moja tu, wajumbe wawili walifuatilie.

Kisha pigeni hesabu ya kweli. Ikiwa nusu ya nyumba 600 zitatoa wastani wa kilo tatu kila moja, mtapata kilo 900. Mashirika ya misaada hukadiria kuwa mtu mmoja huhitaji takriban kalori 2,100 kwa siku. Kwa hivyo, familia ya watu watano huhitaji kiasi cha kilo tatu za chakula kikavu kila siku. Mfuko wa kilo 15 utailisha kwa siku tano, na kilo 900 zitatosha familia 60 kwa siku hizo tano.

Huenda hesabu hiyo ikavunja moyo, lakini ni afadhali kuijua mapema. Kilo hizo hizo zikigawiwa familia 300, kila moja itapata chakula cha siku moja tu, na siku ya pili njaa itakuwa imerudi. Kamati isiyoamua jambo hili faraghani italazimika kuliamua mbele ya umati, na hapo ndipo fujo huzuka.

RUHUSA NA SIKU YA KUKUSANYA

Kenya ina sheria inayosimamia ukusanyaji wa fedha na mali kutoka kwa umma. Basi hatua ya pili ni kumwendea chifu na afisa wa utawala wa kaunti ndogo, mkiwa na barua inayoeleza waandalizi ni akina nani, watakusanya nini, lini, na kwa ajili ya nani. Kituo cha polisi kilicho karibu kiarifiwe pia. Mitaa yenye chama cha wakazi au walinzi langoni, viongozi wao waelezwe mapema ili vijana wasizuiwe siku yenyewe.

Siku nayo ina umuhimu wake. Jumamosi ya kwanza baada ya mishahara ya mwisho wa mwezi hufaa zaidi, kwa kuwa wengi huwa wamefanya ununuzi na wako nyumbani. Januari iepukwe, maana wazazi huwa wameelemewa na karo. Majirani wa dhehebu la Wasabato, ambao huabudu Jumamosi, wapitiwe Jumapili. Wakati wa Ramadhani, ziara zisiingiliane na saa ya kufuturu.

Mlango mmoja upitiwe mara mbili. Jumamosi ya kwanza, vijana wanaacha kikaratasi na mfuko mtupu. Jumamosi inayofuata wanarudi kuchukua mfuko ukiwa na chakula. Utaratibu huu ndio unaotumiwa na maskauti wa Marekani katika mchango wao wa chakula ulioanzia mji wa St. Louis mwaka wa 1985. Faida yake ni wazi: mwenye nyumba hashtukizwi, ana wiki nzima ya kuamua na kununua, wala hatoi kwa kuona haya mbele ya kijana aliyesimama mlangoni. Skauti imekuwapo nchini Kenya tangu 1910, na kikosi cha shule iliyo karibu kinaweza kuwa kiini cha kazi hii pamoja na vijana wa makanisa na misikiti.

Kikaratasi kiwe kifupi na kijibu maswali matano: ni nani anayekusanya, kwa ajili ya nani, ni vyakula gani vinavyohitajika, vijana watarudi siku na saa ngapi, na ni nambari gani ya kupigwa na mwenye shaka. Mfuko uwe wa karatasi au wa kitambaa, kwani mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa ilipigwa marufuku nchini Agosti 28, 2017.

VYAKULA VYA KUPOKEA NA VYA KUKATAA

Si kila kinachotolewa kwa moyo mweupe kinafaa kuliwa. Pokeeni vyakula vikavu vilivyofungwa na vyenye tarehe ya mwisho ya matumizi iliyo mbali: unga wa mahindi, unga wa ngano, mchele, ndengu, maharagwe, sukari, chumvi, majani ya chai, mafuta ya kupikia na maziwa ya pakiti. Unga na mafuta viwe na alama ya ubora ya KEBS.

Mahindi yasiyofungwa yanahitaji tahadhari ya pekee. Mwaka wa 2004, katika eneo la Ukambani, hususan Makueni na Kitui, watu 317 waliugua na 125 wakafariki kutokana na mahindi yenye sumu ya kuvu, yaani aflatoksini. Sumu hii huenea nafaka inapohifadhiwa kabla ya kukauka vyema. Viwango vya Kenya vinataka unyevu wa mahindi usizidi asilimia 13.5. Haionekani kwa macho, na kupika hakuiondoi. Maadamu kamati ya mtaa haina kifaa cha kuipima, ni salama zaidi kutopokea mahindi ya gorogoro kutoka nyumba hadi nyumba. Anayetaka kuchangia mahindi aombwe atoe unga uliofungwa.

Kadhalika, msikusanye maziwa ya unga ya watoto wachanga. Sheria ya mwaka wa 2012 inadhibiti utoaji wa bidhaa hizo, na si bure: maziwa hayo yakichanganywa na maji machafu huweza kumletea mtoto maradhi ya kuhara. Anayestahili kusaidiwa ni mama anayenyonyesha, apate lishe na maji safi.

Vyakula vilivyopikwa nyumbani, pakiti zilizofunguliwa na makopo yaliyobonyea au kuvimba vikataliwe kwa upole. Kanuni ni moja: usimpe mwenzako chakula ambacho hungemlisha mwanao.

VIJANA WAWILI WAWILI

Sasa tugeukie kazi ya siku yenyewe. Jozi moja ya vijana hutumia kiasi cha dakika tatu katika kila nyumba: kubisha, kusalimu, kupokea, kuandika na kushukuru. Nyumba 50 zitachukua dakika 150, yaani saa mbili na nusu. Kwa nyumba 600, jozi 12 zinahitajika, ambazo ni vijana 24. Ongezeni sita wa kubaki kituoni, jumla 30. Wakianza saa tatu asubuhi, watakuwa wamemaliza saa tano unusu, kabla ya jua kali.

Kila jozi ipewe ramani ya nyumba zake, hata kama imechorwa kwa mkono kwenye karatasi ya daftari, na orodha ya nambari za nyumba. Bila ramani, nyumba za barabarani zitabishiwa mara tatu na za uchochoroni hazitafikiwa kamwe.

Yapo masharti ambayo hayana mjadala. Vijana watembee wawili wawili, na inapowezekana mmoja awe na zaidi ya miaka 18. Aliye chini ya umri huo awe na barua ya mzazi au mlezi. Wavae kitambulisho chenye jina na picha. Wasiingie ndani ya nyumba ya mtu hata wakikaribishwa chai. Wasipokee pesa taslimu. Na mvua ikinyesha au pakitokea vurugu, warudi kituoni mara moja. Chakula chaweza kungoja.

Adabu nayo ni nusu ya mchango. "Hujambo mama, sisi ni vijana wa mtaa huu, tulileta kikaratasi wiki iliyopita." Maneno hayo machache yanatosha. Asiyetoa asiulizwe sababu, wala nyumba yake isitiwe alama.

Hapa pana jambo ambalo waandalizi wengi hulisahau. Katika kubisha milango 600, vijana watafika katika nyumba ambayo yenyewe haina chakula. Njaa ya mitaani ina haya, tena hujificha nyuma ya malango ya chuma na mapazia mazuri. Baba aliyeachishwa kazi miezi minne iliyopita hataandikisha jina lake kwa chifu. Vijana wafunzwe kutambua dalili hizo, wasiseme neno pale mlangoni, na wamnong'oneze mratibu peke yake. Jina hilo lifuatiliwe na mtu mzima mmoja mwenye busara. Huenda mlango uliokosa kutoa ndio uliostahili kupewa.

Nao vijana wenyewe wasigeuzwe wapagazi wa bure. Wapewe kifungua kinywa na maji ya kunywa. Wapewe madaraka pia: mmoja awe karani, mwingine msimamizi wa mizani, mwingine wa ramani. Kijana aliyemaliza kidato cha nne na anayesaka kazi atafaidika sana na barua ya kamati inayoeleza kuwa aliaminiwa na mali ya watu na akaitunza.

DEREVA NDIYE UTI WA MGONGO

Katika michango mingi dereva hukumbukwa mwisho, usiku wa kuamkia siku yenyewe. Ilhali bila yeye vijana 30 watabaki wameketi juu ya mifuko kando ya barabara.

Turejelee hesabu yetu. Jozi moja yenye nyumba 50 itapokea kutoka nusu yake, yaani nyumba 25. Kwa kilo tatu kila moja, hizo ni kilo 75. Vijana wawili hawawezi kutembea na mzigo huo, lakini wanaweza kubeba kilo 15. Kwa hivyo, gari likiwapitia kila baada ya nusu saa, mara tano, hawataumia migongo na chakula hakitaachwa chini. Dereva mmoja akihudumia jozi nne, madereva watatu wanatosha, na kila mmoja atabeba takriban kilo 300 kwa jumla. Huo si mzigo wa lori. Pikapu au gari kama Probox linauweza, na katika vichochoro tuk-tuk au mkokoteni hufanya kazi vyema zaidi. Dereva wa nne awe wa akiba, kwa kuwa gurudumu hupasuka bila kupiga hodi.

Madereva waitwe mkutanoni mapema, wala wasipewe maagizo kwa simu. Kila mmoja aendeshe gari kupitia njia yake siku moja kabla ya mchango, ajue malango yanayofungwa, mashimo, na mahali pa kugeuzia. Leseni na bima za gari zikaguliwe. Mafuta ya gari yalipwe na kamati kabla ya siku hiyo. Dereva anajitolea muda wake, lakini haifai aombwe kujitolea na petroli.

Kila gari liwe na utingo, mtu mzima anayejua kuhesabu. Kazi yake ni kupokea mifuko, kuandika idadi, na kushuka kumwongoza dereva anaporudi nyuma. Mitaani watoto hucheza barabarani, na hatari kubwa zaidi ya siku hiyo si wizi bali ni gari linalorudi kinyumenyume. Vijana wasibebwe nyuma ya pikapu juu ya mizigo, hata kwa mwendo mfupi.

Gari liwe safi. Lililobeba saruji, dawa za wadudu au mafuta ya taa lisitumike. Vitu vizito vitangulie chini, unga ukae juu, na chupa za mafuta zisimame wima. Turubai liwe tayari. Mwisho, gari lenye chakula lisiachwe peke yake hata dereva akienda msalani, na lisipitie kwingine kabla ya kufika kituoni.

KITUONI: PIMA, TENGA, HIFADHI

Kituo chaweza kuwa ukumbi wa kanisa, darasa, au ua wa msikiti, almuradi pana paa, mlango wa kufungwa na mizani. Gari likifika, mzigo upimwe mbele ya dereva na utingo kabla ya kuchanganywa na wa gari lingine.

Baada ya kupima, vijana sita wa kituoni watenge vyakula kwa aina na kukagua tarehe. Vilivyokaribia kuharibika vitoke kwanza. Sabuni ikiletwa itengwe kabisa, kwa sababu unga hunyonya harufu yake. Magunia na katoni visikae sakafuni wala kuegemea ukuta. Viwekwe juu ya mbao ili hewa ipite na panya waonekane.

Kadiri chakula kinavyokaa ndivyo kinavyopungua. Lengo liwe kukigawa siku iyo hiyo alasiri au kesho yake. Kituo ambacho chakula hulala wiki mbili huanza kuvutia maswali, na maswali hayo huwa na haki.

Pengo litakaloonekana, mathalani ukosefu wa mafuta au chumvi, lijazwe kwa pesa zilizochangwa na wasiokuwa na chakula cha kutoa. Pesa hizo zisitumwe kwa simu ya mtu binafsi. Pawe na akaunti ya chama au kikundi kilichosajiliwa, yenye watia saini zaidi ya mmoja, na ununuzi wote uwe na risiti. Kununua kwa jumla hupunguza bei, na shilingi ya mchangaji huenda mbali zaidi.

KUGAWA BILA MSUKUMANO

Tulianza na mkanyagano wa Kibera. Unaweza kuepukwa kwa njia rahisi: watu wote wasiitwe mahali pamoja kwa saa moja.

Kila familia iliyo katika orodha ipelekewe tikiti yenye nambari na saa. Familia 60 zikigawanywa katika makundi sita ya watu kumi kumi, kila kundi likipewa nusu saa, kazi yote itachukua saa tatu na hapatakuwa na foleni ya kutisha. Wazee, wajawazito na walemavu watangulie, au bora zaidi, wapelekewe nyumbani na madereva wale wale. Mifuko iwe imefungwa tayari na iwe sawa, ili pasiwe na mtu wa kuchungulia wa mwenzake. Wasiokuwa na tikiti wasifukuzwe kwa ukali; majina yao yaandikwe pembeni na yachunguzwe. Ugawaji ukome kabla ya giza.

Heshima ya mpokeaji ilindwe. Si lazima mama ashike pakiti ya unga na kutabasamu mbele ya kamera ili ale. Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka wa 2019 inalinda habari za mtu binafsi, na orodha ya wahitaji si ya kubandikwa ukutani wala kusambazwa katika makundi ya simu. Anayetaka picha za kuonyesha wafadhili apige picha za magunia, mizani na vijana wakipakia magari.

Vivyo hivyo, mwanasiasa akitaka kuchanga, achange kama jirani mwingine yeyote. Mfuko wake usiwe na sura yake wala rangi za chama chake. Chakula kilichotoka katika nyumba 300 hakiwezi kuwa zawadi ya mtu mmoja.

MALI BILA DAFTARI

Wahenga walinena kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Katika mchango huu madaftari ni matatu: la mlangoni linaloandikwa na vijana, la garini linaloandikwa na utingo, na la kituoni linaloandikwa kwenye mizani. Idadi ya mifuko katika madaftari hayo inapaswa kulingana. Ikitofautiana, itajulikana mara moja pengo limetokea kati ya mlango na gari au kati ya gari na kituo, na hapatakuwa na haja ya kumshuku kila mtu. Daftari, kwa hakika, humlinda mwaminifu kuliko linavyomfichua mwizi.

Daftari la nne ni la ugawaji, ambapo kila mpokeaji hutia saini au alama ya kidole mkabala na nambari ya tikiti yake.

Katika muda wa siku saba, kamati ibandike taarifa ya ukurasa mmoja langoni mwa mtaa, kanisani na msikitini: kilo ngapi zilikusanywa, pesa ngapi zilichangwa na zilinunua nini, familia ngapi zilipokea, kiasi gani kiliharibika au kupotea, na kimebaki nini. Hasara isifichwe. Mtaa unaoambiwa kwamba kilo tano za unga zililoa mvua utasamehe. Mtaa unaosikia habari hiyo kwa uvumi hautafungua mlango mwaka ujao.

Msomaji ataona kwamba katika maelezo haya yote, kutoa chakula kumechukua nafasi ndogo. Sababu ni kwamba kutoa si tatizo. Mlango ukibishwa kwa adabu na mwenye nyumba akaamini kwamba kilo zake tatu zitamfikia mlengwa, atatoa. Imani hiyo ndiyo akiba halisi ya mtaa. Hujengwa polepole na vijana wanaofika saa waliyoahidi, dereva asiyekengeuka njiani, na karani asiyefuta tarakimu.

Haba na haba hujaza kibaba, ni kweli. Lakini kibaba chenye tundu hakijai, hata kikitiwa nafaka mchana kutwa. Basi kabla ya kumwomba jirani atie chake, kamati na ikague kibaba chenyewe.